Jinsi ya Kupata DJ au Bendi Isiyokuangusha Siku ya Shughuli Yako

Wageni walikuwa wameshakaa. Maharusi walikuwa nje ya mlango, wameshikana mikono, wakisubiri wimbo wao wa kuingilia. Kwenye meza ya mitambo alikaa kijana ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. DJ tuliyemlipa miezi mitatu kabla alikuwa amepata kazi nyingine siku ileile, akamtuma mdogo wake na kompyuta, na kompyuta yenyewe haikuwa na wimbo wa maharusi. Kijana akawa anaupakua mtandaoni. Nilisimama nyuma yake nikitazama ule mstari mwembamba kwenye skrini ukijaa polepole, mtandao wa ukumbi ukikatika na kurudi. Mwishowe wazazi walichoka kusubiri, mlango ukafunguliwa, maharusi wakaingia kwa makofi matupu.

Tangu siku ile nimeratibu harusi, mahafali, sherehe za kustaafu na hafla za ofisi nyingi tu, na sijawahi tena kumchukua mtu kwa sababu tu anapiga vizuri. Upigaji mzuri utausikia ndani ya dakika tano. Uaminifu hausikiki, inabidi uuchunguze. Hivi ndivyo ninavyouchunguza, kuanzia siku ya kwanza ya kupanga.

Hatua ya kwanza: Igawe shughuli yako kwa saa

Kabla hujampigia simu mtu yeyote, chukua karatasi. Andika shughuli inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, kisha ikate vipande: wageni wanaingia, hotuba, chakula, dansi. Mbele ya kila kipande andika muziki unatakiwa kufanya kazi gani pale. Wageni wakiingia, muziki unaondoa ule ukimya unaowafanya watu wasiojuana waangalie simu zao. Wakati wa chakula unakaa chini ya mazungumzo. Kwenye dansi ndio unaobeba kila kitu.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokwambia unamhitaji nani. DJ ana nyimbo za kila rika, anabadilisha hali ya ukumbi ndani ya sekunde chache na hadai nafasi kubwa. Bendi inaleta uhai ambao kompyuta haina. Watu huinuka kucheza kwa sababu wanamwona mtu akitokwa jasho mbele yao. Lakini bendi inataka jukwaa (mpiga dramu peke yake anachukua kama mita 2 kwa 2), na kwa kawaida hupumzika kila baada ya dakika 45 hadi 60, kwa hiyo lazima ujue nani atajaza mapumziko hayo. Kwa shughuli ya mazungumzo, mpiga kinanda au saksofoni mmoja anatosha kabisa. Nimeona familia zikijibana ili zipate bendi nzima isiyofanya mazoezi, wakati mpiga kinanda mmoja hodari saa ya chakula na DJ baada ya hapo wangewafaa zaidi kwa fedha ileile.

Mshereheshaji ni kazi nyingine kabisa. DJ akikwambia ataendesha na shughuli, mwombe umsikie akishika maiki kwanza.

Hatua ya pili: Zungumza na ukumbi mapema

Hapa nitakuwa mfupi, ila usiiruke. Mwulize msimamizi wa ukumbi mambo manne: muziki unatakiwa kuzimwa saa ngapi, kuna kifaa kinachokata umeme sauti ikizidi kiwango au hakuna, gari la vyombo linafika karibu na mlango au vyombo vitapandishwa ngazi, na soketi za karibu na jukwaa zinatumia laini ya umeme inayotumiwa na jikoni au zina laini yake. Majibu yake yaandike. Mwanamuziki makini atakuuliza hayohayo, na ukiwa huna majibu mtapoteza wiki nzima mkipigiana simu.

Hatua ya tatu: Watafute kwa watu waliofanya nao kazi

Maharusi waliofurahi ni mashahidi wazuri, lakini siku ile walikuwa na mambo mengine ya kuangalia. Waliomwona DJ akiwasili, akifunga nyaya na akigombana au kutogombana na watu ni wasimamizi wa kumbi, wapiga picha na wapambaji. Waulize swali moja tu: "Nani huwa ameshafika mkifungua milango?" Majina mawili matatu yatajirudia. Anza na hayo.

Video za mtandaoni zitazame kwa macho makali. Nyingi zimeunganishwa: picha ni ya ukumbini, sauti ni ya studio. Utaijua kwa sababu husikii watu wala mwangwi wa ukumbi, na sauti ya mwimbaji haibadiliki hata anapogeuza kichwa au kuondoa maiki mdomoni. Omba kipande cha dakika tano mfululizo, kilichorekodiwa kwa simu, kisichokatwakatwa. Kikwaruze kinavyokwaruza, ndicho kinachosema kweli. Bora zaidi, omba kwenda kuwasikia wakiwa kazini, ila wasikwambie uingie kwenye sherehe ya mtu bila mwenyewe kuridhia. Atakayekukaribisha kwenye harusi ya watu kienyeji, kesho atamkaribisha mwingine kwenye yako.

Hatua ya nne: Kaeni mzungumze, na usikilize anachouliza yeye

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Watu hufika kwenye mazungumzo haya na swali moja, "Bei gani?", wakaondoka na jibu moja. Wewe nenda na maswali haya, uyaulize kwa upole:

Ni wewe mwenyewe utakayepiga siku hiyo? Kama ni bendi, ni hawa ninaowaona kwenye video? Ukiugua, anakuja nani, na naweza kumsikia leo? Siku hiyo una kazi nyingine kabla au baada ya yangu? Kompyuta ikizima katikati ya wimbo, unafanya nini?

Usipime ufasaha wake. Pima jibu lina vitu ndani yake au halina. "Usijali, hilo halitatokea" si jibu. "Nina kompyuta ya pili iliyowashwa pembeni, ina nyimbo zilezile, na flashi mfukoni" ni jibu. Mtu aliyewahi kuharibikiwa akajifunza anazungumza kwa vitu: waya, betri, namba ya simu ya mwenzake.

Kisha nyamaza, uone yeye anauliza nini. Nilikutana na kiongozi mmoja wa bendi kwa ajili ya harusi ya familia ninayoifahamu. Alikuja na daftari dogo la kurasa zilizochakaa. Hakuanza na bei.

"Dada, toka jukwaani hadi soketi ni hatua ngapi?"

Nikamwambia.

"Wazee watakaa wapi?"

"Mbele kabisa, upande wa kushoto."

"Yupo asiyesikia vizuri?"

Sikujua. Nilipiga simu kwa mama wa bibi harusi palepale, naye akasema ndiyo, babu yake bibi harusi sikio la kushoto halisikii, la kulia linasikia kidogo. Kiongozi yule akaandika, akapigia mstari. Bei tuliizungumza dakika kumi za mwisho, na nilikuwa nimeshaamua.

Asiyekuuliza idadi ya wageni, umri wao na mpangilio wa ukumbi ana shughuli moja kichwani, na anaipeleka ileile kila mahali. Huenda akapiga vizuri. Lakini kitu kikienda kombo, hatajua aanzie wapi.

Hatua ya tano: Bei

Saa nne za muziki si saa nne za kazi. Kuna mazoezi ya nyimbo ulizoomba, kupakia, safari, kufunga mitambo, kupima sauti, kufungua na kurudi. Siku nzima imekwisha. Ndiyo maana bei mbili unazoletewa hazilinganishiki mpaka ujue kila moja imebeba nini. Omba mchanganuo kwa maandishi: wapigaji wangapi, spika na maiki ni za nani, fundi mitambo yumo, usafiri umo, taa zimo, saa ya ziada ni kiasi gani. Hilo la mwisho waulize mapema, maana usiku wa manane, wageni wakiwa wamepamba moto, hutakuwa na nguvu ya kujadiliana.

Bei iliyo chini mno kuliko za wenzake ina sababu yake. Mara nyingi sababu ni fundi mitambo: hayupo, anayeimba ndiye anayekimbia kurekebisha sauti.

Hatua ya sita: Mkataba

Hata kama ni rafiki wa kaka yako, andikeni. Kurasa mbili zinatosha, zikiwa na tarehe, anwani ya ukumbi, majina ya watakaopiga, saa ya kufika, saa ya mitambo kuwa tayari, saa za kupiga na mapumziko, vyombo vinavyoletwa na kila upande, chakula na maji ya wapigaji, malipo, na nini kitatokea upande mmoja ukivunja. Kifungu ambacho sikiachi tangu siku ile ya mlango na makofi matupu ni hiki: hakuna mbadala atakayeletwa bila mwenye shughuli kukubali kwa maandishi.

Kwa malipo, utaratibu wa kawaida ni kutoa sehemu mwanzoni, kati ya robo na nusu, ili tarehe ishikwe, na salio likamilishwe karibu na siku au siku yenyewe. Anayetaka yote miezi kabla anakuachia hatari yote wewe. Na wewe pia usimnyime malipo ya awali. Amekataa kazi nyingine kwa ajili yako. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu na udai stakabadhi.

Wakikupa orodha ya mahitaji yao, isome mpaka mwisho, hata mistari inayoonekana ya ajabu. Mkataba wa bendi ya Van Halen ya Marekani, katika ziara ya 1982, ulidai chokoleti za M&M's ambazo hakuna hata moja ya kahawia. Watu waliona ni majivuno ya mastaa. Mwimbaji wao David Lee Roth alieleza baadaye kwamba ulikuwa mtihani: mitambo yao ilikuwa mizito na ya hatari, mkataba ulikuwa na maelekezo mengi ya umeme na uzito, na wakikuta chokoleti ya kahawia walijua mwandaaji hakusoma, hivyo wakakagua kila kitu upya. Orodha ya bendi yako itakuwa fupi sana kuliko ile, lakini imeandikwa kwa sababu hiyohiyo. Wakisema wanataka soketi mbili zisizotumiwa na mtu mwingine, wana maana hiyo hasa.

Kama wageni wanalipa kiingilio au shughuli iko wazi kwa umma, uliza pia kuhusu leseni ya muziki. Katika nchi nyingi kuna chombo kinachokusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, na mara nyingine ukumbi umeshalipia. Uliza nani analipia, na jibu liingie kwenye mkataba.

Hatua ya saba: Sauti na umeme

Shughuli nyingi nilizoona zikiharibika, muziki wenyewe haukuwa na kosa. Ni spika zilizokaa vibaya na umeme uliozidiwa.

Mahali pa wazi, sauti ya spika hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliye mita 4 kutoka kwenye spika na aliye mita 32 wametofautiana kwa desibeli 18. Ukimfurahisha wa nyuma kwa kuongeza sauti, wa mbele unamwumiza. Dawa ni kuinua spika juu ya vichwa na kuweka nyingine ndogo katikati au nyuma. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika ya ziada iliyo mita 35 kutoka zile za jukwaani yatakiwa icheleweshwe kwa mitambo, kama sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Fundi anayejua kazi hii hatakushangaa ukimwuliza. Maiki nayo isimame nyuma ya spika, si mbele yake. Ule mluzi unaotoboa masikio wakati wa hotuba hutokea sauti ya spika inaporudi kwenye maiki na kuzunguka.

Masikio ya watu yana kikomo. Kipimo kinachotumika sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua kwa nusu, hadi ukifika desibeli 100 umebaki na dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022 kwa kumbi na hafla za burudani, liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa ndio mwisho. Meza za wazee na za watoto wadogo ziwe mbali na spika. Hili liseme mapema kwa anayepanga meza, maana meza zikishapambwa hakuna atakayezisogeza.

Kuhusu umeme, muziki upewe laini yake. Majiko na majokofu yakiwaka kwenye laini moja na mitambo, kila kitu kitazima pamoja, na kitazima wakati chakula kinapashwa moto, yaani watu wote wakiwa ukumbini. Kama kuna jenereta, jua kwamba ya kVA 10 (kipimo cha uwezo wake) hutoa takriban kilowati 8 za matumizi, na haifai kuiendesha ikiwa imebanwa hadi mwisho. Ijazwe mafuta kabla ya wageni, ikae nje kabisa mbali na milango na madirisha. Moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu. Usiruhusu iwekwe ndani ya ukumbi, hata kwenye korido, hata mvua ikinyesha.

Maiki zisizo na waya zitiwe betri mpya siku ileile, na moja ya waya ilale mezani tayari. Maiki ya waya ya Shure SM58, iliyoanza kuuzwa 1966, bado mafundi wengi wanatembea nayo kwa sababu hiyo tu: ikichomekwa, inafanya kazi.

Hatua ya nane: Orodha ya nyimbo

Mpe orodha mbili fupi. Ya kwanza ni nyimbo zisizokosekana: ya kuingilia, ya kukata keki, ya dansi ya kwanza, na zile tano sita ambazo moyo wako unazitaka. Ya pili ni nyimbo zisizopigwa kabisa. Hii watu huisahau, na ndiyo inayoumiza. Wimbo uliopigwa kwenye msiba wa mtu wa familia mwaka uliopita unaweza kumtoa mama machozi katikati ya furaha, na DJ hana namna ya kujua usipomwambia.

Zinazobaki mwachie. Dansi ya muda wa saa nne ni kama nyimbo 60 tu, kila moja ikichukua dakika nne. Ukimpa orodha ya 100, umemgeuza kuwa mashine, hawezi tena kuwasoma watu na kujua lini aongeze kasi na lini apumzishe miguu ya watu.

Nyimbo za lazima usimpe kwa majina tu. Wimbo mmoja una matoleo mengi, na ulioukariri una utangulizi wake. Mtumie faili lenyewe, akuthibitishie amelifungua na kulisikiliza hadi mwisho. Majina ya watakaotajwa, mwandikie mshereheshaji, kisha umsikie akiyatamka kwa simu.

Hatua ya tisa: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Siku saba kabla, piga simu mwenyewe. Ujumbe wa "tupo pamoja" hautoshi. Mwombe akusomee saa ya kufika na saa ya wimbo wa kwanza kutoka kwenye karatasi yake. Mpe jina na namba ya mtu mmoja atakayezungumza naye siku hiyo, na mtu huyo asiwe mwenye shughuli. Bibi harusi hatakiwi kuulizwa soketi iko wapi. Salio nalo liwe mikononi mwa mtu huyo, pamoja na nakala ya mkataba.

Wafike saa mbili au tatu kabla ya wageni, bendi hata mapema zaidi. Sauti ipimwe ukumbi ukiwa mtupu, na usimame nyuma kabisa usikilize mtu akisema, si akiimba. Maneno yakieleweka pale, muziki utajiweka sawa. Kumbuka kwamba ukumbi ukijaa, miili ya watu inanyonya sauti, kwa hiyo fundi atarudi kugusa mitambo wageni wakishakaa. Mwache afanye kazi yake.

Walishe. Wapewe chakula kabla ya dansi, mahali pa kukaa, si mabaki yaliyopoa saa sita za usiku.

Kitu kikiharibika, yule mtu mmoja aende mezani kwa mitambo, aulize swali moja: "Unahitaji dakika ngapi?" Akisema tano, mshereheshaji azijaze. Wajomba saba wakimzunguka fundi, hizo tano zitakuwa ishirini.

Yule kiongozi wa bendi mwenye daftari, siku ya harusi alifika saa nane mchana, wageni wakitarajiwa saa kumi na moja. Nilipopita mbele kukagua meza niliona kitu ambacho sikukiagiza: spika ndogo, ukubwa wa tofali, imewekwa chini ya kitambaa cha meza ya wazee, karibu na kiti cha babu, upande wa kulia. Aliiunganisha na maiki ya hotuba peke yake, muziki haukupita humo. Jioni, mjukuu aliposimama kumshukuru, babu hakumgeukia jirani kuuliza kasema nini. Alimjibu palepale alipoketi, kwa sauti kubwa, na ukumbi mzima ukamsikia.